Aliyezamia Meli na Aliyebaki Ngamiani

Karibu kila nyumba ninayoijua hapa Tanga ina mtu aliyeondoka na mtu aliyebaki. Aliyeondoka alikwenda Mombasa, Durban, Muscat, au alipanda Mererani kuchimba tanzanite. Aliyebaki aliajiriwa, au alilima, au alifungua genge, akaoa, akalea, akazika wazee. Wote wawili wakishazeeka, watu humzunguka aliyeondoka ili awape hadithi. Kwetu aliyeondoka ni kaka yangu, na aliyebaki ni mimi. Yeye sasa ana miaka 72, mimi 68, na tunakaa nyumba moja Ngamiani. Jioni tukikaa barazani tunapata nafasi ambayo ndugu wengi hawaipati: kuyaweka maisha mawili pamoja na kuyatazama.

Naandika haya kwa sababu naona vijana wanapewa ushauri mwepesi mno. Huyu anawaambia dhubutu, acha kazi, maisha ni haya haya. Yule anawaambia shika ulichonacho, mtaka yote hukosa yote. Wote wawili wanazungumza kana kwamba maisha ya mtu ni mali yake peke yake, na kana kwamba ujasiri na woga ni tabia mtu anazaliwa nazo. Nilivyoona mimi, sivyo.

Nianze na baba, maana yeye ndiye aliyetusimamisha wote mahali tuliposimama.

Baba alikuwa Muha wa Kasulu. Alifika mkoa huu mwishoni mwa miaka ya 1940 akiwa manamba, kwa mkataba wa SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyokuwa ikikusanya wafanyakazi kutoka bara tangu mwaka 1944. Alikuwa hajafika miaka ishirini. Alisafiri kwa treni kutoka Kigoma, na kwa kuwa reli ya Kati na reli ya Tanga zilikuwa bado hazijaunganishwa (kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kilikamilika mwaka 1963), waliteremshwa Morogoro wakapakiwa kwenye malori hadi Korogwe. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu. Hakumjua mtu hata mmoja. Alitakiwa kupata fedha za kodi ya kichwa, na nyumbani kwao hapakuwa na kazi ya kumpa fedha hizo.

Shambani walipewa kipande, kadi ya siku thelathini. Kila ukimaliza kazi uliyopimiwa inatiwa alama, na kadi isipojaa hakuna mshahara. Alikata mkonge, akafunga mafungu, miiba ikamwachia makovu mikononi ambayo tulikua tukiyaona wakati anakula. Mkataba ulipokwisha alikuwa na haki ya nauli ya kurudi kwao. Hakurudi. Alimwoa mama, Mbondei wa Muheza, akahamia kazi ya korona, pale majani yanaposagwa na kubaki singa, na Kasulu hakuiona tena.

Sasa mtu huyo, aliyevuka nchi nzima bila kumjua mtu huko aendako, ndiye aliyetuhubiria tahadhari hadi alipofariki. Alikuwa akisema, "Kutembea nimeshatembea mimi. Ninyi someni, mkae." Aliona amekwisha kusafiri kwa niaba yetu. Nilipokuwa kijana nilidhani uzee ndio uliombadilisha. Leo najua hakubadilika. Safari yake haikuwa starehe wala majaribio, ilikuwa bei, na aliilipa ili watoto wake wasije wakadaiwa tena.

Na hata mkonge wenyewe aliouamini hivyo ulikuja kwa bahati tu. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, na iliyofika hai mwaka 1893 ni 62. Ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka miche hiyo 62 yalikuja mashamba yaliyofunika nusu ya upeo wa macho ukisafiri kutoka Tanga hadi Korogwe, na mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 230,000 za singa. Baba alipotuambia mtu mwenye kazi ya mkonge hafi njaa, alikuwa anasema kitu ambacho mtu yeyote mwenye akili timamu angekisema mwaka ule. Halafu zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa, mitambo ikachakaa, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima haikuwa ikifikisha hata tani 30,000. Korona ya baba ilibaki kuta na mabati yenye kutu.

Kaka yeye hakukaa kitako. Miaka ile ya shida, sabuni, mafuta ya kupika, dawa ya meno na khanga vilikuwa adimu. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na kaka alipita njia za panya karibu na Horohoro kuleta vitu kutoka upande wa pili. Nusu ya majirani walioga kwa sabuni yake. Machi 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoanzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi, watu walitupa bidhaa vichakani na baharini usiku, pamoja na wale waliokuwa na katoni chache tu. Kaka alifukia alichokuwa nacho, akamuaga mkewe mwenye mimba, akapita njia yake ile ile ya siku zote. Safari hii hakurudi.

Mombasa alikaa akibeba mizigo Kilindini hadi alipozamia meli, yeye na vijana wengine wawili wa Tanga. Waligunduliwa siku ya tatu baharini, kiu ilipowatoa. Nahodha aliwapa nyundo wachune kutu na brashi wapake rangi, wakala, wakashushwa Piraeus, Ugiriki. Alianza hivyo. Baadaye alipata karatasi, akawa baharia wa kuandikishwa, akafanya kazi chini ya sarahangi, yaani msimamizi wa mabaharia, wa Kifilipino ambaye hadi leo anamtaja kwa heshima kama mwalimu.

Vijana wanaposikia hayo macho yanawang'aa. Lakini yeye mwenyewe hasemi alikuwa shujaa. Nilimwuliza siku moja, akanijibu, "Nilikimbia, mdogo wangu. Ujasiri niliupata nilipokwisha kufika." Mwaka ule ule wa 1983 ilitungwa sheria ya Nguvu Kazi, na vijana wasio na kazi inayotambulika wakawa wanakamatwa mijini na kupelekwa vijijini. Mtu wa aina yake, asiye na kitambulisho cha kazi, alikuwa na haki ya kuogopa. Aliyeondoka aliondoka kwa woga. Mimi niliyebaki, na kuamka kila asubuhi kwenda kazini huku nyumbani kuna wazazi wawili, shemeji mwenye mimba na foleni ya sukari, sikuwa naishi maisha ya mtu anayeepuka hatari. Niliishi na hatari za aina yangu, ambazo hazina jina la bandari.

Kuna jambo lingine tunalolisahau tukiwa na mabaharia barazani. Hadithi za udhubutu tunazozisikia ni za waliorudi. Mwaka 1992 mabaharia wa meli iliyoitwa MC Ruby waliwaua vijana wa Kiafrika, wengi wao Waghana, waliowakuta wamezamia, wakawatosa baharini, na kesi yao ilisikilizwa Ufaransa mwaka 1995. Kaka anaijua habari hiyo kama mabaharia wengi wa rika lake. Anasema nahodha angekuwa mwingine, mimi nisingekuwa na kaka. Kati ya wale wawili aliozamia nao, mmoja alishuka na kupanda meli nyingine baada ya miezi michache, na hajasikika tena. Mama yake alikuwa akikaa Makorora. Kila Idi alikuwa anakuja kwetu kuuliza kama kuna barua, hata miaka ambayo sisi wenyewe hatukuwa na barua, na alifariki bila jibu. Nikisikia mtu anawaambia vijana kwamba anayethubutu hapotezi, namkumbuka mama yule.

Kazi yangu sasa. Mwaka 1978 niliajiriwa karani wa hesabu katika shirika la umma. Kwa Tanga ya wakati ule hicho kilikuwa kilele cha busara. Mji ulikuwa na viwanda, ulikuwa na bandari na reli, na mtu akiwa na ajira ya shirika alikuwa na mshahara, matibabu na heshima ya kukopeshwa dukani. Baba alichinja kuku.

Nilichojifunza taratibu ni kwamba usalama ule nao ulikuwa dau, ila tulikuwa tumecheza wote pamoja, kwa hiyo hakuna aliyeuita mchezo. Mwaka 1971 nyumba zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zilitaifishwa, na watu wa hapa mjini, wengi Wahindi, waliokuwa wameweka akiba yao yote kwenye matofali kwa sababu matofali hayatoroki, waliamka si wenye nyumba tena. Mwaka 1985 dola moja rasmi ilikuwa kama shilingi 17. Kufikia mwaka 1995 ilikuwa imevuka 500. Mtu aliyeweka akiba benki kwa uaminifu miaka yote hiyo, bila kugusa, alikuwa ameangalia fedha zake zikiyeyuka ndani ya kitabu. Katika miaka hiyo hiyo mashirika yakaanza kubinafsishwa. Mwaka 1993 jina langu lilibandikwa ubaoni kwenye orodha ya wanaopunguzwa. Mke wangu alikuwa amejifungua wiki iliyotangulia.

Miaka iliyofuata ada za wanangu zililipwa na bahari. Kaka alikuwa akimpa dola baharia mwenzake anayerudi, naye anatuletea zimeshonwa ndani ya upindo wa suruali, na baadaye kwa njia za kutuma fedha zilipofika mjini. Nilifanya hesabu za maduka ya Ngamiani, baadaye nikawa mhasibu wa shule moja ya binafsi, lakini hapo katikati, bila yeye, sijui. Na yeye aliweza kukaa baharini kwa sababu mwanawe wa kwanza, yule aliyemwacha tumboni, alikua kwangu, akasoma kwangu, akaumwa surua kwangu. Ukitaka kujua nani kati yetu aliishi kwa tahadhari na nani kwa udhubutu, itabidi kwanza utenganishe fedha zile na mtoto yule. Mimi na taaluma yangu ya hesabu sijaweza.

Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Thomas Gilovich na Victoria Medvec, walichapisha utafiti mwaka 1995 kuhusu majuto. Walionyesha kwamba kwa muda mfupi mtu huumizwa zaidi na jambo alilolifanya, lakini akitazama nyuma baada ya miaka mingi, humuuma zaidi lile ambalo hakulifanya. Utafiti huu hutajwa sana na wanaohimiza watu wathubutu: nenda, maana ukizeeka utajutia kutokwenda.

Matokeo nayaamini, yanafanana na ninayoyaona kwa wazee wenzangu. Hitimisho la hao wanaohimiza silikubali. Kuondoka nako kumejaa mambo ambayo mtu hakuyafanya. Anayekwenda hakumsindikiza mama hospitali. Hakumwona mtoto akiota meno. Orodha ya mambo ambayo hayakufanyika haiko kwa aliyebaki tu, na kwa kaka yangu ni ndefu kuliko yangu.

Baba alifariki mwaka 1991. Aliumwa kifua muda mrefu, mavumbi ya singa nadhani, ingawa hakuna aliyetuandikia hivyo. Barua niliyompelekea kaka ilizunguka kutoka wakala wa meli hadi bandari nyingine, na alipoipata arobaini ilikuwa imeshapita. Aliisomea chumba cha injini. Kesho yake alikuwa zamu kama kawaida, maana baharini hakuna pa kwenda.

Aliporudi moja kwa moja, zaidi ya miaka kumi na mitano iliyopita, nilidhani tutakuwa tunakaa barazani yeye asimulie mimi nisikilize. Imekuwa hivyo kwa wageni. Tukibaki wawili, anayeuliza ni yeye. Anataka kujua baba alilala upande gani wa kitanda. Aliacha lini kula. Alimtaja? Alimtaja kwa jina au alisema "yule"? Nani alimwosha, maji yalichotwa wapi, mvua ilinyesha? Jambo moja anaweza kuliuliza leo na kulirudia mwezi ujao, akisikiliza kama mtu anayehakiki. Niligundua kwamba nilichokuwa nacho mimi, ambacho sikuwahi kudhani ni hadithi, ndicho alichokitafuta mtu aliyezunguka dunia. Namsimulia. Namwambia baba aliomba uji wa ulezi, akanywa vijiko viwili. Namwambia jinsi wazee wa Kiha waliobaki mashambani walivyokuja kutoka Muheza na Korogwe, wengine wakiwa na fimbo, wakaimba kwa lugha ambayo sisi watoto wake hatuijui. Kaka akisikia hapo hunyamaza.

Na mimi namwuliza Suez. Namwuliza baridi ya Hamburg na harufu ya ngano ikiteremshwa. Sioni wivu. Nilikuwa nao, zamani, wakati wa kuandika takwimu za mishahara ya watu wengine chini ya feni isiyozunguka. Uliondoka wenyewe nilipoona anavyosikiliza habari ya uji.

Nisiwe mwepesi katika hili. Umri wetu umekuja na hesabu zake, na si za hisia tu. Meli nyingi alizofanyia kazi zilikuwa za wenye mali wa nchi moja, zikipeperusha bendera ya nchi nyingine, Panama au Liberia, na mabaharia wakiajiriwa kwa mikataba ya miezi kupitia mawakala wa nchi ya tatu. Mkataba ukiisha hakuna anayekujua. Alifanya kazi karibu robo karne na hana pensheni ya mahali popote. Ana mtoto wa kike Piraeus, wanaongea kwa video, Kiswahili cha binti huyo ni cha kuomba radhi. Mimi nina kiinua mgongo kilicholiwa na thamani ya shilingi, na malipo madogo ya kila mwezi. Tukiunganisha vyetu tunakula.

Lakini kuna watu wanaonisikitisha kuliko sisi wote wawili: wale waliokaa na tahadhari miaka thelathini na tano, kisha wakathubutu siku moja tu, siku ya kupokea mafao. Nimewaona wengi. Mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kununua hata mbuzi wa biashara, anakabidhiwa fedha nyingi kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 60, na ndani ya mwaka ananunua basi dogo bovu, au kiwanja chenye wenyewe watatu, au anapeleka fedha kwenye mchezo wa kupanda na kuvuna kama ule uliozagaa nchini hadi serikali ikaufunga mwaka 2009. Mzee mmoja tuliyekuwa naye ofisini alipoteza kila kitu hapo, akahamia kwa mkwewe. Hakuwa mjinga, na tamaa haikuwa kubwa kuliko ya mtu mwingine. Alikuwa hajawahi kujifunza kupoteza. Anayepoteza katoni ya sabuni akiwa na miaka 25 anajifunza kitu na ana muda wa kukitumia. Anayepoteza mafao akiwa na 60 amejifunza kitu kile kile, na muda hana. Kama kuna ushauri mmoja ninaoweza kuutoa bila kusita kwa kijana ni huu: jaribu mapema, kwa kidogo, kwa mali ambayo ukiipoteza nyumba bado inalala ikiwa imekula. Kuzuia kila jaribio hadi uzeeni si tahadhari hata kidogo.

Haya yote yalikuwa mazungumzo ya wazee hadi mwaka juzi, binti yangu aliponijia. Ni afisa ugani wa serikali, ameolewa, ana watoto wawili. Alitaka kuacha kazi apande viungo juu kule Amani, wilaya ya Muheza, ambako mvua ni nzuri na karafuu, iliki, mdalasini na pilipili manga vinastawi chini ya miti. Ardhi alikuwa amepata, upande wa ujombani. Hesabu alikuwa nazo. Pilipili manga inaanza kulipa kama mwaka wa tatu, iliki vivyo hivyo, karafuu inaweza kukawia hadi mwaka wa saba au wa nane. Kaka alimsikiliza akamwambia nenda mwanangu, ningekuwa na miguu ningekwenda nawe. Mumewe alikuwa kimya. Binti akanigeukia mimi.

Nilimwuliza swali moja. Kati ya leo na mwaka wa tatu, nani anabaki?

Alidhani nampinga. Ilibidi nimweleze kwamba sijauliza kama aende. Nauliza watoto watalala wapi siku akiwa mlimani wiki nzima, nani atasaini shuleni, mshahara wa mume utabeba nini na hautabeba nini, na huyo mume ameulizwa au ameambiwa. Katika familia yetu watu wameondoka vizazi viwili, na kila mara aliyebaki aligundua kwamba amebaki baada ya mlango kufungwa. Mama yetu aligundua hivyo. Shemeji yangu, mke wa kwanza wa kaka, aligundua hivyo akiwa na mimba ya miezi sita, akangoja miaka minne, akaolewa kwingine, na sijamsikia mtu akimlaumu wala akimpongeza. Wanawake wa nyumba hii wamekuwa ndio wanaobaki bila kuulizwa. Safari hii anayetaka kwenda ni mwanamke, na mimi nilitaka kuulizana kufanyike mezani.

Tulikaa siku kadhaa, jioni baada ya swala ya Isha, mume wake naye akija. Alizungumza, na tulijua kumbe alichokuwa akikiogopa si umaskini, ni kudharauliwa na ndugu zake kwamba anapikia watoto huku mke yuko porini. Hilo halikuwa na tarakimu lakini lilikuwa kubwa kuliko tarakimu zote. Kaka ndiye aliyelimaliza. Alimwambia yeye alipika baharini miaka miwili, kwenye meli yenye watu ishirini na watatu, na hakuna aliyewahi kumwita mwanamke kwa sababu wote walikuwa na njaa.

Mwisho tulikubaliana hivi. Binti alikwenda, alianza na ekari moja ya pilipili manga na iliki kabla ya karafuu. Watoto wako kwangu hapa Ngamiani siku za shule, wanasoma karibu, baba yao anakuja kila jioni. Kaka anapanda mlimani kulinda shamba miezi ya mavuno ya jirani, maana wezi wa viungo wapo, na anasema ukungu wa Amani asubuhi unamkumbusha bahari ya kaskazini.

Mimi nilipewa daftari la shamba. Nikafungua, kama kawaida, ukurasa wa mtaji: miche, vibarua, nauli, panga, mbolea ya samadi. Halafu chini yake nikafungua safu nyingine, na nikamwita binti na mumewe waione kabla sijaandika. Chakula cha watoto kwa mwezi. Sare. Dawa. Siku ambazo mume amekosa kazi ya ziada kwa sababu alikuwa na mtoto mgonjwa. Siku za babu. Kila kimoja kinaandikwa kwa bei yake ya kweli na kinahesabiwa mtaji, sawasawa na miche. Mkwe wangu ana hisa zake humo kwa jina lake, na pilipili ya kwanza ikiuzwa atalipwa kutoka hapo, pamoja na wengine. Binti alisoma safu ile mara mbili, akachukua kalamu, akaongeza mstari ambao mimi nilikuwa nimeuruka: jirani yetu wa mlango wa pili, anayewapokea watoto mchana nikiwa msikitini. Tukakubaliana bei, nikaandika.